Kilo zilizohamia kwa jirani: kisa cha mizani mbili za mwani, Pemba

Usuli

Kisa hiki kinahusu vikundi viwili vya wakulima wa mwani katika pwani ya kaskazini ya Pemba. Majina ya vijiji, vikundi na watu nimeyaondoa. Hesabu za kiufundi nimeziacha kama zilivyokuwa, kwa sababu somo limo humo. Mizani nilizitengeneza mimi, na makosa yaliyofuata ni yangu.

Kilimo cha mwani kilianza Zanzibar mwaka 1989 upande wa mashariki wa Unguja, na leo sehemu kubwa ya mwani wa visiwani inatoka Pemba. Wengi wa wakulima ni wanawake. Bamvua likiingia na maji yakakupwa mbali, wanashuka, wanafunga mbegu kwenye kamba kwa tai-tai, yaani vijikamba vyembamba, wanasubiri kama wiki sita, wanavuna na kuanika. Mwani ukishakauka hutiwa kwenye polo na kuwekwa ghalani mpaka mnunuzi aje. Hapo ndipo penye ugomvi, maana polo zimechanganyika, mnunuzi analipa kwa jumla, na kila mama anataka pesa ya kilo alizopeleka yeye.

Vikundi hivi viliniomba mizani inayokumbuka. Nilitumia kihisi cha uzito, saketi ya HX711 inayogeuza ishara ya kihisi kuwa namba, mikrokontrola ATmega328P (chipu inayoendesha mizani), skrini ya mistari miwili, vitufe, na betri inayochajiwa kwa sola. Mama anabonyeza namba yake, anaweka polo, mizani inapima na kujumlisha na kilo zake za nyuma. Mnunuzi akishalipa, katibu anafuta hesabu na kuanza upya.

Chipu hiyo ina kumbukumbu za aina tatu, na asiyezitofautisha hatanifuata mbele. Programu inakaa kwenye flashi ya kilobaiti 32. Hesabu za muda hukaa kwenye SRAM ya kilobaiti 2, ambayo umeme ukikatika inapotea. Kilo za akina mama zinakaa kwenye EEPROM ya kilobaiti 1, yaani baiti 1,024, ambayo haitegemei umeme. Kwenye EEPROM nilianza na baiti 8 za kusawazisha mizani: 4 za kigeuzi cha uzito na 4 za sehemu ya sifuri. Baada yake zilifuata rekodi za wanachama 38, kila moja baiti 6: namba ya mwanachama baiti 2, jumla ya gramu baiti 4.

Programu ilibidi ibadilike kwa sababu ya cottonii, moja ya aina mbili za mwani wanazolima; ya pili ni spino. Kwa muda vikundi vilikuwa vikilima spino tu, kwa kuwa cottonii hufa maji yanapopata joto. Baadaye baadhi ya akina mama walirudi kuijaribu kwenye maji ya kina zaidi, kwa kuwa bei yake ni nzuri kuliko ya spino. Kwa hiyo mizani ikatakiwa iweke kilo za aina mbili kwa kila mwanachama.

Kikundi cha kwanza

Programu mpya niliijaribu wiki nzima nyumbani, kwenye bodi ya mazoezi yenye waya wa USB. Niliipakia mara nyingi, na kila mara data niliyoiweka kwenye EEPROM niliikuta mahali pake. Nikaamini kwamba kubadilisha programu hakugusi EEPROM.

Nilifika kijijini siku ya mwisho ya maji mafu. Kesho yake bamvua linaanza, na akina mama walitaka mizani iwe tayari kabla ya kushuka. Gari ya mwisho ya kurudi Konde nayo ilikuwa na saa yake. Nikaona kuchukua nakala ya EEPROM ni kupoteza nusu saa kwa kitu nilichokwisha kukijaribu. Nikafungua sanduku, nikachomeka USBasp, kifaa cha kuandikia chipu moja kwa moja, kwenye pini sita, nikaflashi, yaani nikaandika programu mpya kwenye flashi.

Mizani ilipowaka, mahali pa uzito palisomeka "nan". Nikabonyeza namba 1: kilo 4294967.29. Namba 2: hivyo hivyo. Namba 38: hivyo hivyo.

Mwenye kuijua EEPROM anaitambua hesabu hiyo. Baiti iliyofutwa husomeka 0xFF, yaani biti zake zote nane ni 1. Baiti nne za 0xFF zikisomwa kama gramu ni 4,294,967,295, na zikisomwa kama namba ya desimali si namba kabisa. Hakuna kilichobaki.

Bodi yangu ya nyumbani ilikuwa na programu ndogo ya kupokelea, inayopokea kazi kupitia USB na kuandika kurasa za flashi peke yake. EEPROM haiigusi. Chipu ya ndani ya mizani haikuwa na programu hiyo, niliiflashi moja kwa moja kwa kifaa. Na avrdude, programu ya laptopu inayokiongoza kifaa hicho, kabla ya kuandika flashi kwa njia hiyo, huiamuru chipu ijifute yote. Amri hiyo hufuta flashi, na EEPROM hufutwa pamoja nayo isipokuwa fyuzi moja (biti ya mipangilio ya chipu yenyewe) iitwayo EESAVE imewekwa kuikinga. Kiwandani chipu hutoka bila kinga hiyo.

Katibu wa kikundi, mama wa makamo mwenye mwandiko mzuri wa skuli ya zamani, aliniletea daftari lake kabla sijaliomba. Akalifungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Ulikuwa wa mizigo miwili nyuma.

"Hapa ndipo nilipoacha," akasema.

Nikamuuliza, Bi katibu, kwa nini uliacha?

"Si wewe mwanangu uliyeniambia mizani inakumbuka?"

Nilimwambia kweli. Nilimwambia siku nilipoikabidhi mizani, nikidhani nampunguzia kazi.

Siku tatu zilizofuata tulifanya hivi. Kwanza nilisawazisha mizani upya kwa mawe ya mizani ya kilo 5 na kilo 10 niliyoazima dukani. Kisha tukaanza na jumla za daftari. Kwa mizigo miwili isiyoandikwa, akina mama walikaa ghalani na kila mmoja akataja polo zake mbele ya wenzake. Jumla ikawa kilo 964. Tukapima mwani wote uliokuwamo ghalani: kilo 947. Upungufu wa kilo 17 unaweza kuwa ni mwani uliozidi kukauka ghalani, kwa sababu mwani hupungua ukikaa kwenye ukavu na huongezeka ukivuta unyevu. Unaweza pia kuwa ni kusahau. Hakuna njia ya kujua. Kilo 17 nililipa mimi. Wanachama 37 walikubali hesabu. Mmoja alisema kilo zake zimepungua, na sikuwa na kitu cha kumwonyesha.

Kikundi cha pili

Niliporudi nyumbani nikasoma kitabu cha chipu sehemu ya fyuzi. EESAVE ni biti ya tatu, ukihesabu kutoka sifuri, kwenye baiti ya juu ya fyuzi. Chipu mpya huja na 0xD9, biti hiyo ikiwa 1, maana yake EEPROM haikingwi. Ukiigeuza kuwa 0, 0xD9 inakuwa 0xD1. Kuandika fyuzi peke yake hakufuti kitu, kwa hiyo unaweza kuiweka kwenye chipu yenye data, kisha ndiyo uflashi.

Fundi mwenzangu alinishauri nitumie kishale cha -D, kinachoizuia avrdude isifute chipu. Kwa chipu hii ushauri huo haufai. Kwa njia ya kifaa, ukurasa wa flashi haujifuti wenyewe unapoandikwa, na kuandika kunaweza kugeuza 1 kuwa 0 tu. Ukiandika programu mpya juu ya ya zamani bila kufuta, unapata mchanganyiko wa zote mbili.

Kwa kikundi cha pili, basi, nilijipanga. Kwanza nakala:

avrdude -c usbasp -p m328p -U eeprom:r:mizani.bin:r

Niliisoma mara mbili, nikalinganisha mafaili mawili, yalikuwa sawa. Nikaweka 0xD1, nikaflashi. Mizani ikawaka. Nikaweka jiwe la kilo 10, ikasoma 10.00. Nikabonyeza namba 1, spino ikasomeka 38.20, sawa na daftari la katibu. Nikashukuru Mungu, nikafunga sanduku nikaondoka. Ukurasa wa cottonii sikuufungua.

Magharibi nikapigiwa simu.

Wa kwanza kupima alikuwa mwanachama namba 7. Aliweka mzigo wake, akaona jumla, akaondoka. Wa pili alikuwa namba 4, mama mtu mzima. Alitazama skrini, akamwita katibu. Kilo zake za nyuma zilikuwa 52.6 na yeye alizijua kichwani. Mizani ilimwandikia 71.4 kabla ya mzigo wa leo kuongezwa, na leo ukaongezwa juu yake. Katibu alinisimulia alivyosema: "Hizi si kilo zangu. Nitafutieni mwenyewe." Wa tatu, namba 3, hakuweka hata polo. Alibonyeza tu, akaona spino 327.68 na cottonii 44.90, na yeye cottonii hajapanda. Katibu akasimamisha upimaji.

Asubuhi nilikaa na karatasi. Hesabu iliyonifungua macho ni ile ya namba 3. Kilo 327.68 ni gramu 327,680, na 327,680 ukigawanya kwa 65,536 unapata 5 kamili. Baiti mbili za juu za namba ya baiti nne huhesabu kwa 65,536. Maana yake mizani ilikuwa imeichukua namba ya mwanachama, 5, ikaisoma kama sehemu ya gramu.

Kutoka hapo mengine yalijieleza. Rekodi ya zamani ilikuwa baiti 6: namba 2, gramu 4. Rekodi mpya nilikuwa nimeifanya baiti 10: namba 2, spino 4, cottonii 4. EEPROM ilikuwa salama, hakuna hata baiti moja iliyopotea, lakini programu mpya ilikuwa inakata mkate ule ule kwa vipande vya ukubwa mwingine. Kipande cha kwanza kilianza mahali pake, kwa hiyo spino ya namba 1 ilikuwa kweli. Cottonii yake, ambayo sikuitazama, ilichukua namba ya mwanachama wa 2 pamoja na baiti mbili za chini za gramu zake. Nilipoufungua ukurasa huo asubuhi ile, ulisema kilo milioni mbili na laki saba.

Kila baada ya baiti 30, rekodi tano za zamani hulingana na rekodi tatu mpya, na mistari inakutana tena. Rekodi mpya ya 4 ilianza palepale ilipoanza ya zamani ya 6. Ya 7 ikaanzia ya 11, ya 10 ikaanzia ya 16. Hao hawakuona vituko. Waliona kilo nzuri, za mtu mwingine. Namba 4 alizikataa kwa sababu alizijua zake. Namba 7 hakuwa na hesabu kichwani, akapima na kwenda nyumbani akiwa amebeba kilo za mwanachama wa 11. Angekuwa peke yake siku ile, tungelifika siku ya malipo bila kujua.

Uamuzi na sababu zake

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuandika haraka programu ya kuhamisha rekodi, palepale ghalani, kwenye laptopu. Ya pili ni kurudi nyuma: kuflashi programu ya zamani, kuirudisha EEPROM kutoka kwenye nakala, na kuingiza tena mizigo miwili ya jana kutoka kwenye daftari la katibu, ambaye safari hii hakuacha kuandika kwa sababu nilimwomba asiache.

Nilichagua ya pili. Nje kulikuwa na akina mama wenye polo vichwani, nami sikuwa nimelala vizuri, na programu ya kuhamisha data haijaribiwi juu ya data pekee iliyopo. Kurudi nyuma kulichukua chini ya saa moja. Kabla ya kuifunga mizani, nilipitia wanachama wote 38 na katibu, yeye akisoma daftari na mimi nikisoma skrini. Jumla zote zilikubaliana. Cottonii wakaendelea kuiandika kwa mkono mpaka maji mafu yaliyofuata.

Kazi ya kuhamisha niliifanya nyumbani juu ya chipu ya pili, niliyoitia nakala ile ile. Programu mpya ikiwaka, inatafuta kwanza saini ya baiti mbili na namba ya toleo. Ikiikuta, inasoma. Isipoikuta, inakagua kama data ina umbo la zamani: namba za wanachama zifuatane 1 hadi 38 kila baiti 6. Ikiwa ndivyo, inanakili. Ikiwa si hilo wala lile, inaandika "DATA HAIJULIKANI" na kukataa kupima. Ni kwa makusudi. Kuna mafundi wanaoweka sifuri wakikuta data isiyoeleweka, ili kifaa kiendelee na kazi. Kwenye kipima joto sawa. Kwenye mizani ya malipo, sifuri ni jibu linaloaminika, na mama akiona 0.00 anaweza kudhani amekwisha kufutiwa baada ya malipo.

Kunakili hakufanyiki juu ya ya zamani. Rekodi mpya, sasa baiti 11 kwa kuwa niliongeza moja ya ukaguzi, zinaandikwa kuanzia anwani 512. Pamoja na kichwa cha baiti 16 ni baiti 434, zinaenea. Baiti moja ya EEPROM huchukua kama milisekunde 3.4 kuandikwa, kwa hiyo kazi yote ni kama sekunde moja na nusu, na katika muda huo mtu anaweza kuchomoa betri. Ndiyo maana saini huandikwa mwisho. Umeme ukikatika katikati, saini haipo, data ya zamani bado iko mzima chini, na mizani ikiwaka tena inaanza upya. Nilichomoa waya mara ishirini kwa nyakati tofauti, na mara zote ishirini ilifika. Niliwasha pia kinga ya umeme mdogo ya chipu, kwa sababu EEPROM inaweza kuandikwa ovyo betri ikishuka mno.

Matokeo

Mizani zote mbili zinatumia programu mpya. Kikundi cha pili hakikupoteza gramu. Kikundi cha kwanza kilipoteza kumbukumbu ya mizigo miwili, na makubaliano ya ghalani ndiyo yaliyobaki kuwa hesabu.

Uchambuzi

Kosa la kwanza watu huliona upesi: fyuzi. Lakini mimi nalitazama zaidi jaribio lililonidanganya. Nilijaribu kwa njia ya USB, nikafanya kazi kwa njia ya USBasp, na njia hizi mbili haziitendei EEPROM sawa. Programu ilikuwa ile ile, ndiyo sababu sikuona kwamba nimebadilisha kitu. Kama unajaribu, jaribu kwa waya ule ule utakaoutumia.

Kosa la pili ndilo ninaloliogopa zaidi. Kwenye kikundi cha kwanza mizani ilipiga kelele: "nan" na mamilioni. Kwenye cha pili nilikuwa nimezilinda baiti nikaacha maana yake itawanyike, na mizani ikanyamaza. Ukaguzi wangu nao ulitazama hasa sehemu ambazo mpangilio mpya haukuzigusa: baiti 8 za mwanzo na rekodi ya kwanza. Ningefungua mwanachama wa 2 au ukurasa wa pili, ningeliona. Tangu hapo siwezi kuangalia rekodi ya kwanza nikaridhika. Natazama ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, na kurasa zake zote.

Toleo la kwanza la data halikuwa na namba ya toleo. Baiti moja tu ingetosha kuizuia programu mpya isisome isichokijua. Wanaotumia vigeuzi vya EEMEM badala ya kupanga anwani wenyewe wana hatari nyingine ya aina hii: kikusanyaji cha programu kinaweza kuvipanga upya ukiongeza kimoja, hata kama hukugusa vingine.

Walio na chipu za aina nyingine, kama ESP32 au STM32F103, wasijione wako mbali. ESP32 haina EEPROM halisi, data hukaa kwenye kigawe cha flashi. Kubadilisha programu kwa njia ya hewani hakukigusi, bali amri ya kufuta flashi yote inakifuta, na kubadilisha jedwali la vigawe kunaweza kukihamisha. STM32F103 nayo hutunza data kwenye kurasa za flashi ile ile ya programu, na ukiifuta yote zinakwenda.

Kilichofaa ni nakala, na kurudi nyuma bila kuona haya. Nakala hiyo iliwezekana kwa sababu sikuifunga chipu. Biti za kufuli zikifungwa kabisa, kifaa hakiwezi kusoma EEPROM, na njia pekee ya kuzifungua ni kufuta chipu. Faili la baiti 1,024 kwenye laptopu ya fundi, hata hivyo, si nakala ya akina mama mpaka wao waisome. Sasa kabla ya kuflashi naigeuza kuwa orodha ya namba na kilo, naichapisha, katibu anailinganisha na daftari lake na kutia saini. Mara ya mwisho alikuta kosa moja, na lilikuwa la daftari.

Daftari lenyewe sitamwambia tena mtu aliache.

Mama wa kikundi cha kwanza ambaye hakuridhika bado analima, na bado anapima kwenye mizani ile. Kila akishapima anaipiga picha skrini kwa simu yake. Nilipoliona hilo niliongeza namba ya toleo kwenye kona ya skrini, ili nayo itokee kwenye picha zake.